Hapana ya Muzee Dixième

Katika mtaa wa Murara, Goma, bugali una kazi mbili, na Marie-Louise Nyirarukundo hajawahi kuikubali ile ya pili. Ya kwanza inajulikana na kila mwenye tumbo. Ya pili ni ya mumewe, Florent Ntirenganya, fundi wa injini, ambaye kila akitaka kupima huingia jikoni akiwa ameosha mikono mara mbili kwa sabuni, akamega tonge kwenye sufuria, akalikanda na tone la mafuta ya mawese, akatoka nalo bila kuaga.

"Florent, ile ni chakula ya batu," mkewe humwambia.

"Nitarudisha."

Harudishi. Tonge lililokaa ndani ya injini halirudi mezani, ingawa katika miaka ya vita walikuwapo wateja walioliangalia kwa jicho la kuuliza.

Anachopima ni hiki. Ndani ya injini pistoni hupanda, na soupape, yaani ule mlango mdogo wa chuma unaoingiza hewa na kutoa moshi, hushuka. Vyote viwili hutumia chumba kimoja kwa zamu, kama walinzi wawili waliopanga kitanda kimoja, wa mchana na wa usiku. Mradi mmoja ameamka kabla mwenzake hajafika, kuna amani. Nafasi inayobaki kati yao inakaribia unene wa ukucha. Ikipotea wanakutana, na hawakutani mara mbili.

Florent huweka tonge juu ya pistoni, hurudisha kichwa cha injini, ambacho Goma nzima hukiita culasse, hukikaza, kisha huizungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili mizima, polepole, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza maungamo. Halafu hufungua. Tonge limebonyea pale soupape ilipopita. Hulikata kwa wembe, hupima unene wa pale palipo pembamba kuliko pote, na hutamka namba. Hesabu yake ni ya dixième, sehemu ya kumi ya milimita, na sheria yake ni moja tu: chini ya dixième kumi, injini haifungwi. Ndiyo maana watu wazima, wenye akili zao, walimwita Muzee Dixième, tena kwa heshima.

Inasemekana kwingine duniani mafundi hutumia udongo laini wa kuchezea, ule wa watoto wa shule. Watoto wa shule wa Goma hawana udongo wa kuchezea. Florent alijaribu udongo wa wafinyanzi, ukaacha mchanga. Alijaribu nta ya mishumaa ya kanisani, ikapasuka. Bugali wa muhogo uliochanganywa na mahindi kidogo haupasuki wala haubishi.

Mahali pengine kazi hiyo ingeonekana kama wazimu wa mtu mmoja. Lakini Goma ina vilima pande zote na radieta zilizotobolewa na umri. Injini huchemka, culasse hupinda, na culasse iliyopinda hulazimika kusuguliwa hadi inyooke. Kila ikisuguliwa hupungua, na kila ikipungua soupape huisogelea pistoni. Kuna culasse mjini humu zimesuguliwa mara nyingi kuliko sakafu ya kanisa kuu.

Aliyezisugua ni Gauthier Buhendwa, Mushi wa kutoka Bukavu, ambaye zamani alikuwa na mashine ya kazi hiyo karibu na katikati ya mji. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ilishuka. Lava iliingia kwa Gauthier kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa mbele, na mashine haikutoka. Mji wakati huo ulikuwa mikononi mwa waasi, ambao walituma mtu kuandika orodha ya vilivyopotea. Orodha nayo ikapotea.

Gauthier hakulia. Aliokota kioo kinene kwenye kifusi cha duka, akakilaza juu ya meza, akabandika msasa, akaanza kusugua culasse za watu kwa viwiko vyake viwili. Culasse zilinyooka kweli. Tatizo ni kwamba mashine hujua imekula kiasi gani, kiwiko hakijui. Hapo ndipo alipomhitaji Florent, aliyekuwa amehamia kiwanja cha jirani, na kipimo chake cha chuma kikiwa mfukoni.

Kwa miaka kumi na tisa walifanya kazi ukuta kwa ukuta. Gauthier alikuwa na mdomo: alipokea wateja, akawachekesha, akazifungua injini na kuzifunga. Florent alipima. Wateja walimchosha, alisema mtu akisimama nyuma yako anapima nawe, lakini anapima haraka yake. Kwa hiyo wateja walibaki upande wa Gauthier, injini ikapitishwa upande wa Florent juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na jibu likarudi kwa mdomo wa Gauthier. Injini iliyofaulu Florent aliigongea ubavuni, kwa mihuri yake ya chuma, herufi F na namba ya dixième. Iliyoanguka hakuigongea chochote. Alisema "Hapana," akaeleza kinachotakiwa, akaenda kunawa. Mihuri ya namba alikuwa akimwazima Gauthier, ambaye alihitaji kuzipa soupape namba zisichanganyike. Herufi F ilikuwa kwenye sanduku hilo hilo. Mtu hawezi kuazima sanduku akiacha herufi moja nyumbani. Daniella, binti wa Florent, alipobatizwa, parrain, yaani baba wa ubatizo, alikuwa Gauthier. Nani mwingine?

Serikali zilikuja na kwenda, na zote zilikuwa na magari. Mwaka 2012, katika zile siku chache waasi walipoushika mji, commandant mmoja alileta injini ya jeep yake na kusimama pale pale, bastola kiunoni, jambo ambalo Gauthier alishindwa kulizuia kwa mzaha.

"Iko bien?" aliuliza commandant.

"Dixième sita. Hapana."

"Hapana ni nini?"

"Hapana ni hapana, chef. Inaomba joint nene." Joint ni lile bati jembamba linalokaa chini ya culasse, likiwa nene, culasse hupanda kidogo na nafasi hurudi.

Commandant alicheka, akasema huyu muzee angefaa kuwa mwanasheria. Siku ya tatu alipita akiendesha jeep hiyo hiyo, akapiga honi, akampigia Florent saluti.

"Ulipata joint wapi haraka hivyo?" Florent alimwuliza Gauthier.

"Kwa bongo langu," alijibu Gauthier, na wakacheka wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake.

Mwezi wa tatu mwaka 2021 Gauthier alimletea injini ya diesel ya minibus. Mwenyewe ni dereva wa njia ya Kitshanga, alisema, ana haraka. Injini ilikuwa na mkono wa kushikia alternateur, mashine ndogo ya umeme wa gari, uliovunjika na kuungwa kwa shaba, kazi mbaya, uvimbe mkubwa kama jipu. Florent aliweka tonge, akazungusha, akafungua, akakata. Alipima mara tatu.

"Dixième tatu."

"Tatu na nusu?"

"Gauthier, hii si soko. Tatu. Ikienda mbio, soupape inachelewa kurudi, pistoni inaikuta. Mwambie mwenye gari atafute joint nene ya Kampala, ao azamishe soupape. Asipofanya hivyo, ataua batu kwenye mlima."

"Nitamwambia."

"Umwambie maneno yangu vile niliyasema."

"Muzee, nimekuwa mdomo yako toka lava. Nilishabadilisha neno siku gani?"

Injini ikaondoka juu ya chukudu. Florent akaenda kunawa.

Jumamosi tarehe 22 Mei volkano ilitoka tena. Safari hii lava ilisimama kaskazini mwa uwanja wa ndege, ikachungulia mji, ikapoa. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku tano, nyufa zikafunguka barabarani, na alfajiri ya Alhamisi redio ilitangaza mitaa inayopaswa kuhama mara moja. Murara ilikuwamo. Ikafika saa ambayo kila mtu wa Goma aliipanga kichwani miaka mingi na hakuna aliyeipanga sawa: watu walibeba televisheni wakaacha dawa, wakabeba magodoro wakaacha bibi, wakarudi kumchukua bibi.

Florent alikuwa anatafuta gari kwa ajili ya mkewe na Daniella, aliyekuwa na mtoto wa miezi sita, wakati minibus ya bluu iliposimama mbele ya kiwanja. Gauthier alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Panda, Muzee! Parrain anaweza kuacha mutoto wake kwa moto? Panda!"

Marie-Louise alimbariki Gauthier kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kidogo. Watu waliingia kumi na tisa. Dereva, kijana mpole aliyeitwa Habarurema, alimpa Florent kiti cha mbele alipomtambua.

"Karibu mbele, Papa. Gari hii ni kama yako."

Florent alidhani ni adabu.

Barabara ya Sake ilikuwa na Goma nzima juu yake. Pikipiki, mbuzi, chukudu, magari ya mashirika yenye bendera, wanawake wenye masufuria kichwani, wote wakienda mwendo mmoja, mwendo wa bibi kizee. Kufika Lac Vert maji ya radieta yalichemka. Habarurema alisimama pembeni na kumwomba Florent ainuke, maana katika minibus za aina hiyo injini hukaa chini ya kiti cha mbele. Kiti kiliinuliwa. Mvuke ulipotawanyika, Florent aliona jipu la shaba. Chini yake, wazi, zimegongwa vizuri kuliko alivyogonga yeye: F 10.

Habarurema alionyesha kwa kidole, na fahari. "Unaona, Papa? Signature yako. Batu ya Kitshanga bakiona ile, bananyamaza."

Florent aliinua macho. Gauthier alikuwa ameshuka, amembeba mtoto wa Daniella, anampepea kwa kofia.

"Gauthier. Hii moteur ninaijua."

"Moteur zote zinafananaka."

"Joint nene ulipata?"

Gauthier alimtazama mtoto. "Volcan ingekuwa ilishatoka mbele ya joint kufika."

"Nakuuliza kama ulipata."

"Florent, panda. Batu bako nyuma yetu."

Kweli walikuwa nyuma yao, laki kadhaa. Florent alikuwa na machaguo mawili: kuwashusha watu kumi na tisa, wakiwamo bintiye na mjukuu, katikati ya barabara huku mlima ukitetemeka mgongoni, au kupanda tena juu ya dixième tatu. Alipanda. Alimwambia dereva asipite gia ya pili, asikanyage hata akitukanwa. Hakuna aliyemtukana, kwa sababu hapakuwa na pa kwenda mbio. Kutoka hapo hadi Sake Florent aliweka kiganja juu ya kiti, akiusikiliza mlio kwa makalio na kwa mkono, na Marie-Louise aliyekuwa nyuma yake alifikiri anasali.

Walifika alasiri. Mlio haukubadilika hata mara moja. Abiria walishuka wakinyoosha miguu, na mmoja wao, Mama Namegabe, mwuza samaki mwenye sauti ya mwuza samaki, alimshika Florent mikono yote miwili.

"Muzee Dixième! Mungu akubariki. Tumefika juu yako."

"Mama, ile moteur niliikataa."

"Ona huyu, na unyenyekevu yake!" Mama Namegabe aliwaambia wengine. Wakacheka kwa upendo.

Florent alimkuta Gauthier nyuma ya shule ambako watu walikuwa wanagawana vyumba. Hakupiga kelele. Florent si mtu wa kelele. Kwa kazi yake kelele ni dalili ya ugonjwa.

"Ni ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Ulizogonga muhuri yangu."

"Sikuhesabu."

"Ya ule commandant?"

"Ile pia. Angetuua, Florent."

"Ya ambulance?"

"Ile ilikuwa dixième nane. Dixième nane si zambi."

"Toka lini?"

Gauthier alikaa juu ya jiwe. Alionekana kama mtu aliyechoka kubeba kitu na sasa anashangaa kwamba hakuna anayemshukuru kwa kukibeba.

"Toka mwanzo, ndugu yangu. Sikiliza. Weye ulisemaka hapana mara tatu kwa tano. Mutu ametoka Walikale, moteur iko kwa chukudu, bana yake banalala njaa, unamwambia angoje joint ya Kampala. Angengoja? Angeenda Majengo, kwa bale banapimaka na macho. Na angewaambia benzake kama kwa Florent ni hapana tu. Unajua juu ya nini batu balikuwa banarudi kwako? Juu hapana yako haikuwafikia. Mimi njo nilibaki nayo yote. Miaka kumi na tisa nimekula hapana yako, weye umekula bugali."

"Zilivunjika?"

"Mbili. Labda tatu."

"Mulisema nini?"

"Tulisema mazout ni mbaya, mafuta ilichanganywa na maji."

Florent angeweza kuishi na zile tatu. Fundi yeyote ana tatu zake. Zilizomkaa kooni ni zile nyingine, makumi kwa makumi, alizozihukumu kifo na ambazo mpaka leo zilikuwa zinapanda Kanyabayonga na magunia ya maharagwe, kwa afya njema, zikiwa na jina lake ubavuni. Sasa hakujua tena namba kumi inasimama juu ya nini. Aliyemfundisha alimwambia kumi, naye hakuuliza. Rafiki yake alikuwa ameuza neno lake, na juu ya hapo akampa sababu ya kulitilia shaka.

"Utawaambia," alisema mwishowe. "Hawa batu bote. Utawaambia kama nilikataa."

"Nitawaambia."

"Utabadilisha neno?"

Gauthier aliinuka kwenye jiwe, akajipangusa suruali, na Florent akaondoka.

Siku kumi na moja walilala darasani, familia sita, maji machafu, mjukuu akiharisha. Gauthier hakumwambia mtu kitu. Alitafuta maji, alitafuta dawa, alimpakata mtoto usiku Daniella apate kulala, na kila mtu alimsifu. Ilikuwa vigumu kumchukia mtu mwenye bidii ya namna ile. Serikali ilipotangaza kwamba watu waanze kurudi, Habarurema aliosha minibus na abiria wale wale wakafunga mizigo.

"Mimi natembea," Florent alisema. "Na nyinyi hamupande."

Marie-Louise alikuwa anakunja godoro. Hakuacha kulikunja.

"Kilomita ishirini na tano? Na haya magoti? Na mutoto mugonjwa?"

"Marie-Louise, nilikuambia. Dixième tatu."

"Ilitufikisha."

"Ilitufikisha juu barabara ilijaa. Sasa iko wazi. Atakanyaga."

"Florent." Alisimama wima sasa. "Miaka yote hii nimekupa bugali yangu, unaingiza kwa machuma, unatoka unasema hapana. Siku moja chuma imesema ndiyo, weye unakasirika. Unaikasirikia moteur ao unamkasirikia Gauthier? Kama ni Gauthier, umkasirikie na miguu yako. Miye nina mutoto wa kubeba."

Akapanda. Daniella akapanda. Florent alitangulia kwa miguu asubuhi hiyo, koti begani, na alikuwa amekwishatembea kama saa mbili minibus ilipompita. Ilipiga honi. Ilikuwa gia ya nne. Dirishani Marie-Louise aliangalia mbele.

Aliisikia kabla ya kuiona tena. Mbele ya kona, karibu na Mugunga, sauti kama ya mtu aliyeangusha sufuria yenye mawe, mara moja, halafu kimya. Hakukimbia. Kwanza alisikiliza kama kuna vilio. Havikuwapo. Palikuwa tambarare, siyo mlimani. Minibus ilikuwa imejikokota yenyewe hadi kando na kusimama. Alipofika, watu wote walikuwa wameshuka, moshi mweusi unatoka chini ya kiti cha mbele, na Mama Namegabe amemwona wa kwanza.

"Huyu hapa! Huyu njo alipima! Ametembea na miguu juu alijua!"

Lilikuwa wazo lenye mantiki, na likasambaa haraka.

"Alitupakiza sisi kwa gari, yeye anatembea!"

"Muzee mubaya!"

"Dixième, dixième, kumbe ni muongo!"

Florent alisimama mbele yao, vumbi hadi magotini. Alimtazama Gauthier, aliyesimama pembeni, mtoto kifuani. Kama kuna saa ambayo neno moja lingetosha, ilikuwa ile. Gauthier alifungua mdomo, ule mdomo uliochekesha serikali nne, akaufunga.

Aliyesema ni Marie-Louise. Alitoka katikati ya mizigo, kitenge kimelegea.

"Aliikataa. Asubuhi alinikataza, nikapanda. Miye njo sikusikia. Mumuache."

Mama Namegabe hakuwa mtu mbaya, alifikiri kweli. Kisha akasema, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei:

"Kama aliikataa, mama, jina yake inafanya nini pale?"

Wote wakageukia kiti kilichoinuliwa. F 10. Marie-Louise alikuwa na neno, na chuma kilikuwa na maandishi.

"Nitafungua," Florent alisema. "Sasa hivi, hapa. Mutaona kwa macho yenu mahali soupape imepiga pistoni. Mutaona kama nafasi haikukuwako. Mungoje tu saa mbili."

Huenda wangengoja. Lakini lori la mchanga lilikuja likielekea mjini, tupu, na dereva wake akapunguza mwendo. Mahakama nzima ilipanda lori ikaenda. Mama Namegabe alisaidiwa na watu watatu kupanda. Gauthier alimpandisha Daniella, akampa mtoto, akapanda naye ili amkinge na jua. Hakuna parrain ambaye angefanya pungufu. Kutoka juu alimwangalia Florent na kuinua mkono nusu, kama anayetaka kuaga au anayetaka kusimamisha gari. Lori likaondoka.

Walibaki watatu: Florent, mkewe aliyekaa juu ya godoro akiangalia lami, na Habarurema, ambaye ndiye mwenye gari na hakuwa na pa kulipeleka.

"Una funguo za kufungulia nati?" Florent alimwuliza.

Alikuwa nazo. Walifanya kazi bila maneno, kijana akishika, mzee akifungua, nati moja moja zikipangwa juu ya kanga ambayo Marie-Louise aliitandika bila kuombwa. Jua lilikuwa limepanda juu kabisa walipoinua culasse. Hapakuhitajika bugali. Juu ya pistoni ya tatu palikuwa na alama ya mwezi mwandamo, imechongwa ndani ya chuma, inang'aa, na ndani ya alama kipande cha soupape kilichovunjika.

Habarurema alipitisha kidole pale. Alipitisha tena.

"Papa. Weye ulisema hapana?"

"Nilisema."

"Kwa nani?"

"Kwa Gauthier."

"Miye sikuambiwa." Alisema polepole, akiwa anaipanga vizuri. "Miye niliambiwa: Muzee amefurahi na moteur yako, amesema hajaona nzuri kama hii mwaka huu. Niliambia mpaka bibi yangu. Nilipakia batu kumi na tisa." Akafuta masizi kidoleni. "Kama ungeniambia miye mwenyewe, ningelia, lakini ningengoja joint."

Hapo Florent ndipo alipokaa chini. Miaka kumi na tisa alinawa mikono na kudhani amekwishasema. Hakuwahi hata siku moja kuvuka ukuta kumwona mtu ambaye neno lile lilikuwa lake.

"Ungengoja?" aliuliza.

"Ningengoja. Sasa niambie." Kijana aliipangusa mikono kwa mchanga, akachuchumaa mbele yake, uso kwa uso, kama mwanafunzi. "Niambie vile iko. Usimtume mutu."

Florent aliangalia pistoni, akaangalia mitungi yote minne ya pistoni, akapitisha ukucha kwenye kuta zake. Hakuharakisha. Marie-Louise aliinua kichwa kusikiliza.

"Imekufa," alisema. "Culasse, pistoni, ukuta wa tatu. Haitengenezwi."

Habarurema alitikisa kichwa mara kadhaa. Machozi yalimtoka, kama alivyoahidi.

"Asante, Papa," alisema. "Nimesikia."